Msamiati wa Kuonja: Maneno ya Pombe na Bia kutoka Mtungini hadi Koponi

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri zimo maandishi mafupi ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana mepesi, nayo ni maelezo ya bidhaa. Kopo la bia iliyotoka nchi za nje huwa na maneno ubavuni yanayoeleza rangi ya bia hiyo, harufu yake, uzito wake mdomoni, na ladha inayobaki ulimini baada ya kumezwa. Mfasiri akitakiwa kuyaandika kwa Kiswahili, iwe kwa ajili ya forodha, ya kiwango cha ubora au ya mnunuzi, mara nyingi huishia kusema kwamba bia hiyo ni "nzuri", "kali" au "laini". Maneno ishirini ya maandishi ya asili yamekuwa matatu, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalomwambia msomaji jambo la hakika.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea. Dai letu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu mkubwa wa maneno ya kuonjea. Maneno hayo yapo, na mengi yao ni ya zamani. Yaliyotokea ni kwamba sheria kwanza, na viwanda baadaye, viliizoeza lugha ya ofisini kutaja vinywaji kwa ruhusa yake, kwa chombo chake na kwa bei yake, pasipo kutaja ladha. Hivyo basi maneno ya ladha yalibaki jikoni, kwa wapika pombe, ambako waundaji wa istilahi hawakwenda kuyatafuta.

Mfano wetu utakuwa bia ya kahawia ya kopo. Mahali tutakapopimia maneno yetu ni Kitaji, kata mojawapo ya Manispaa ya Musoma, mkoani Mara. Tumepachagua kwa sababu moja. Istilahi nyingi zimetungwa na watu walioketi Dar es Salaam au Zanzibar, na masikio yao yakaelekea pwani. Musoma ni mji wa ziwani ambamo Mjita, Mkwaya, Mzanaki, Mkuria na Mjaluo hukutana kila siku, na kila mmoja wao ana lugha nyingine nyumbani kwake. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Neno litakaloeleweka pale bila maelezo marefu lina haki ya kuitwa la taifa zima. Wala mkoa huo si mgeni katika kazi ya tafsiri: Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ndiye aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na kuichapisha mwaka 1963, kisha akaitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, na Mabepari wa Venisi mwaka huohuo wa 1969.

2. Pombe kabla ya bia

Neno "pombe" ni la zamani katika nchi zetu. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1860 kama jina la kinywaji cha nafaka alichokikuta bara. Pwani kwenyewe kinywaji kikuu kilikuwa tembo, utomvu unaogemwa katika mnazi. Watu wa pwani walitofautisha tembo la tamu, ambalo ni jipya, na tembo la kali, ambalo limekwisha kukaa na kuchacha. Tofauti hiyo ni ya mwonjaji hasa: huwezi kuijua kwa kulitazama tembo, sharti ulitie mdomoni. Na methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji imejengwa juu ya ujuzi huo huo. Anayeijua methali hiyo anajua pia kwamba tembo lililotiwa maji hutambulikana, na kwamba sifa na maelezo ni mambo mawili tofauti.

Bara majina yalikuwa mengi, na bado ni mengi: mbege ya ndizi na ulezi kwa Wachaga, rubisi ya ndizi kwa Wahaya, ulanzi wa mianzi Iringa, wanzuki ya asali. Pande zote za Ziwa Viktoria mzizi mmoja wa Kibantu unajitokeza katika umbo moja au jingine: walwa kwa Wasukuma walio kusini ya Mara, amarwa kwa Wahaya walio ng'ambo ya ziwa, amarwa tena kwa Wagusii walio kaskazini, na amalwa kwa Waluhya. Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu, huita pombe kong'o, na mrija mrefu wa kuinywea kutoka mtungini huuita oseke.

Upishi wenyewe unafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna maneno tunayoyatafuta. Mashariki ya ziwa, mojawapo ya njia zilizoenea ni hii. Unga wa mtama au wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Donge hilo hukaangwa juu ya moto, huku likigeuzwageuzwa, mpaka rangi yake iwe ya kahawia na harufu yake ienee uani. Wakati huohuo ulezi hulowekwa, ukachipua, ukaanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kisha vilivyokaangwa na kimea hutiwa majini pamoja, na baada ya siku chache pombe huwa imeiva. Ikinywewa mapema huitwa changa. Ikipita wakati wake husemwa imechacha. Inapochujwa, masalio yake ni machicha.

Katika aya hiyo moja tumetumia maneno kuchachuka, kukaanga, kimea, changa, kuiva, kuchacha na machicha. Hatukulazimika kukopa neno lolote. Tuzingatie pia kwamba Waswahili husema "kupika pombe", na kumwita mwenye kazi hiyo mpika pombe. Kwa lugha yetu pombe ni chakula kilichotoka jikoni, na kwa hiyo maneno ya jikoni yana haki ya kuieleza.

3. Sheria na majina

Maneno hayo hayakuingia katika maandishi ya serikali, na sababu yake ni ya kihistoria. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka mipaka ya kuingiza pombe zilizokenekwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaendeleza makatazo hayo. Chini ya utawala wa Waingereza vinywaji viligawanywa mafungu mawili: vya Kizungu na vya wenyeji. Kila fungu lilikuwa na leseni yake, mahali pake pa kuuzia na wanywaji wake. Mwafrika aliyetaka bia ya chupa alikuwa akizuiwa na sheria kwa miaka mingi. Katika Kenya vizuizi hivyo vililegezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mgawanyo huo umeacha alama katika msamiati wetu hadi leo. Pombe ya nafaka huuzwa "kilabuni", na bia ya chupa huuzwa "baa". Maneno yote mawili yametoka katika Kiingereza, na asili yake haikuwa tofauti ya ladha wala ya nguvu ya kinywaji. Ilikuwa tofauti ya watu waliokusudiwa kuketi ndani. Hali kadhalika msemo "pombe ya kienyeji" haumwambii mtu kama kinywaji ni cha ndizi, cha ulezi au cha asali, kama ni kitamu au kichungu. Unamwambia tu kwamba hakikutoka kiwandani.

Baada ya Uhuru sheria zilitungwa upya, lakini njia ya kutaja vinywaji haikubadilika sana. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya kusimamia utengenezaji wa moshi, yaani kinywaji kinachopatikana kwa kukeneka mvuke wa pombe, na mwaka 1968 ikafuata Sheria ya Vileo. "Kileo" ni neno zuri na sahihi kwa kazi yake. Limetokana na kulewa, na mtumishi wa serikali analihitaji anapotoa leseni au anapofungua mashtaka. Lakini linakitaja kinywaji kwa matokeo yake kichwani mwa mnywaji. Kuhusu yaliyompata mdomoni halisemi lolote, na halikukusudiwa kusema.

4. Kiwanda, chupa na jina la mnyama

Bia ya kiwandani ilianza kutengenezwa Nairobi mwaka 1922, na ndugu wawili, George na Charles Hurst, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni hiyo. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu alipokuwa akiwinda, na bia ikapewa jina la Tusker, maana yake ndovu mwenye pembe. Dar es Salaam ilipata kiwanda chake mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali iliingia katika umiliki wa Tanzania Breweries, na mwaka 1993 ikaingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini. Bia ya Safari ilianza mwaka 1977, na katika miaka ya 1990 zikatokea Kilimanjaro na Serengeti.

Tuyatazame majina hayo pamoja na Ndovu, ambayo nayo ni bia ya Tanzania. Ni majina ya mnyama, ya mlima, ya mbuga na ya mwendo. Yanavutia na ni rahisi kukumbukwa, ila hakuna hata moja linalotaja ladha. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Kiswahili cha pwani tayari kilikuwa na neno tembo kwa maana mbili, mnyama na kinywaji, kabla kiwanda chochote hakijajengwa.

Sababu ya ukimya huo wa ladha si ngumu kuiona. Karibu bia zote hizo zilikuwa za aina moja, laga ya rangi ya dhahabu, nyepesi na yenye uchungu wa kiasi. Kazi ya kiwanda ilikuwa kuhakikisha kwamba chupa ya leo haitofautiani na ya mwaka jana. Palipokuwa na aina moja, mnywaji hakuhitaji maneno ya kuitofautisha na nyingine. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, swali la baa lilikuwa kama bia ipo au haipo. Ilipopatikana tena, swali lililosalia lilikuwa moja, nalo huulizwa na mhudumu mpaka leo: "Baridi au moto?"

Swali hilo linastahili kuangaliwa na mfasiri. "Bia ya moto" haikupashwa moto. Ni bia ambayo haikuwekwa kwenye barafu wala jokofu, basi. Kitaji, kama ilivyo Bunda au Dar es Salaam, hakuna anayekosea maana yake. Lakini maandishi ya bia ya kahawia mara nyingi hushauri inywewe ikiwa na ubaridi wa kiasi, kama nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, kwa sababu baridi kali huzima harufu. Mfasiri akiandika kwamba inywewe "vuguvugu", atakuwa amempotosha msomaji. Akiandika "ya moto" atakuwa amekwenda mbali zaidi. Yafaa aandike "ubaridi wa kiasi" na kutaja nyuzi.

5. Bia ya kahawia na kopo lake

Ama bia ya kahawia, asili yake ni Uingereza. Rangi yake hutokana na kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto mkali kuliko kawaida, au kukaangwa. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alisajili chombo cha pipa la kuzungushwa juu ya moto kwa ajili ya kukaangia kimea, na tangu hapo wapikaji waliweza kuitia bia rangi na ladha ya kukaangwa kwa kiasi walichotaka. Bia ya kahawia iliyopata umaarufu mkubwa, ya mji wa Newcastle, ilianza kuuzwa mwaka 1927.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona jambo tunalolielekea. Shayiri inayokaangwa katika pipa la Wheeler na donge la mtama linalokaangwa uani kando ya ziwa hupata mabadiliko ya aina moja. Joto huziunganisha sukari na asidi za amino za nafaka, zikatoa rangi ya kahawia na harufu ya kuokwa. Mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1912, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Mpika pombe wa Mara na mpika bia wa Newcastle walikuwa wakitafuta jambo hilohilo. Aidha, bia ya kahawia huchachuka kwa chachu inayofanya kazi katika joto la kiasi na kupanda juu ya kinywaji, tofauti na laga ambayo huchachuka polepole katika ubaridi, na chachu yake hutuama chini. Pombe zetu za nafaka nazo huchachuka katika joto la nyumba. Kwa hiyo bia ya kahawia, ijapokuwa ni ngeni kwa jina, kwa tabia iko karibu na mtungi kuliko laga tuliyoizoea.

Kopo lina historia yake fupi. Bia ya kopo iliuzwa kwa mara ya kwanza mwezi Januari 1935, katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Kwa muda mrefu kopo lilidharauliwa kwamba lina ladha ya bati. Viwanda vidogo vya Marekani vilianza kuligeukia baada ya mwaka 2002, pale kiwanda cha Oskar Blues cha mji wa Lyons, jimbo la Colorado, kilipoanza kufunga bia yake katika makopo. Kopo la siku hizi limepakwa utando ndani, na halipitishi mwanga hata kidogo. Neno lenyewe, kopo, tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni chombo cha kunywea. Limesafiri na kubadilika, na sasa limerudi karibu na maana yake ya kwanza. Kenya wengi husema mkebe, nalo ni sahihi pia.

6. Wapika bia walivyojitungia istilahi

Wapo watakaosema kwamba ladha haitungiwi istilahi, kwa kuwa kila mtu ana ulimi wake. Historia inawapinga. Mwaka 1979 kundi la wataalamu wakiongozwa na Morten Meilgaard, mzaliwa wa Denmark, lilitoa mfumo wa istilahi za ladha ya bia uliokubaliwa na vyama vya wapika bia vya Ulaya na Marekani. Walipanga ladha na harufu 122 katika madaraja 14, na kuzichora katika umbo la gurudumu. Kila ladha inayotambulika peke yake ilipewa jina moja, na zilizofanana ziliwekwa pamoja. Maneno ya kusifu tu, yasiyoeleza kitu, hayakupewa nafasi.

Jambo la kutufunza ni mahali walipoyapata majina. Waliyachukua jikoni, shambani na dukani. Kuna harufu ya siagi, ya mahindi yaliyochemshwa, ya ndizi mbivu, ya karanga, ya karatasi iliyolowa, na ya karafuu. Karafuu haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Unguja na Pemba, wala ndizi mbivu kwa msomaji wa Bukoba.

Mfano mmoja unaonyesha vizuri jinsi kutafsiri neno kwa neno kunavyoweza kupotosha. Bia iliyopigwa na mwanga ndani ya chupa nyeupe hupata harufu mbaya, kwa sababu mwanga huvunja baadhi ya viambato vya hopsi, ua linaloitia bia uchungu. Wamarekani huifananisha na harufu ya mnyama wao mdogo mwenye milia, ambaye huku kwetu hayupo. Mfasiri hana haja ya kulikopa jina la mnyama huyo. Tunaye kicheche, naye ni mdogo, ana milia myeusi na myeupe, na akitishwa hutoa uvundo unaojulikana na kila mfugaji wa kuku. "Harufu ya kicheche" itaeleweka Kitaji siku hiyohiyo itakaposemwa.

7. Mapendekezo

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limekuwa likifuata utaratibu wa kutafuta neno kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za wananchi, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo umetupa ngeli kutoka Kihaya na ikulu kutoka Kinyamwezi. Kwa kuufuata, tunapendekeza maneno yafuatayo yatumike katika kueleza vinywaji, kila moja kwa maana yake na si zaidi:

Kimea: nafaka iliyooteshwa na kukaushwa kwa ajili ya kupikia pombe au bia.
Uchungu: ladha kama ya shubiri au ya mwarobaini, katika bia hutokana na hopsi.
Ukali: nguvu ya kileo inayochoma kooni. Neno hili lisitumiwe kwa uchungu wala kwa uchachu.
Ugwadu: uchachu wa tunda kama ukwaju au embe bichi.
Ukakasi: hali ya ulimi kukaza na kukauka, kama kwa ndizi mbichi au chai iliyokolea mno.
Ukoko: ladha na harufu ya nafaka au mkate ulioiva kwa moto mpaka ukabadilika rangi.
Chapwa: kinywaji kisicho na ladha ya kutosha, kama kilichozidishwa maji.
Uzito: jinsi kinywaji kinavyojaa mdomoni. Huwa chepesi, cha kati au kizito.
Ladha baki: ladha inayosalia baada ya kumeza.
Bia ya chachu ya juu: bia iliyochachuka katika joto la kiasi, kinyume cha laga.

Kuhusu rangi, "kahawia" litumike kama jina la jumla. Kwa rangi iliyokolea zaidi tunalo hudhurungi; kwa ile inayoelekea wekundu, damu ya mzee; na kwa ile nyepesi, maji ya kunde, ambayo mpaka sasa tumezoea kuyataja kwa rangi ya ngozi ya mtu.

Ili tuone kama maneno hayo yanatosha, tumejaribu kuandika maelezo ya bia ya kahawia ya kopo kwa kadiri aina hiyo inavyojulikana. Yanakuwa hivi:

"Rangi ni hudhurungi, na ikishikwa mbele ya mwanga huelekea damu ya mzee. Povu ni zito, la rangi ya chai ya maziwa, nalo hukaa muda kabla ya kushuka. Harufu ya kwanza ni ukoko wa mkate. Nyuma yake kuna sukari guru na karanga zilizokaangwa. Mdomoni utamu wa kimea hutangulia, kisha uchungu mdogo huja kuukata. Haina ugwadu. Ukakasi ni kidogo, kama wa chai ya rangi. Uzito ni wa kati. Ladha baki ni ya kahawa nyepesi, na haidumu sana."

Katika maelezo hayo hakuna neno ambalo mwenyeji wa Musoma angelazimika kulifungulia kamusi, isipokuwa labda "ladha baki" kwa kuwa ni jipya, nalo linajieleza. Hakuna pia neno la kusifu. Msomaji anajua atakachokikuta koponi, na kama atakipenda au hatakipenda ni juu yake.

8. Hitimisho

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba vileo havistahili kupewa nafasi kubwa kiasi hiki katika kurasa za istilahi. Tunaiheshimu fikra hiyo. Lakini afisa wa forodha, mkaguzi wa viwango na mwalimu wa afya hawawezi kusimamia jambo wasiloweza kulieleza. Tena faida ya maneno haya haiishii katika bia. Huko Tarime, katika mkoa huohuo wa Mara, wakulima hulima kahawa, na bei ya kahawa hutegemea pia hukumu ya mwonjaji, ambaye mara nyingi huiandika kwa Kiingereza. Mkulima aliyeambiwa kwa Kiswahili kwamba kahawa yake ina ukakasi au uvundo, na kwa nini, anaweza kurekebisha ukaushaji wake. Aliyeambiwa tu kwamba ni ya daraja la chini hana la kufanya. Chai, asali na maziwa ya mgando vinangojea maneno hayahaya.

Viwanda vidogo vya bia vimekwisha kuanzishwa Nairobi na Dar es Salaam, na makopo yataendelea kuja. Maneno ya Kiingereza yatakuja pamoja nayo kama hatutayatanguliza yetu. Wakati huohuo wanaojua kutofautisha pombe changa na iliyoiva, na kukaanga kwa kiasi na kukaanga kwa kupita kiasi, wengi wao ni wanawake watu wazima, na watoto wao hawairithi tena kazi hiyo. Neno lisiloandikwa leo halitapatikana kesho kwa mwingine.

Tunawaomba walimu na watumishi walioko Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko wayaandike maneno ya kuonja wanayoyasikia katika Kiswahili cha huko na katika lugha za wenyeji, pamoja na maana zake na chakula au kinywaji kinachohusika, wayapeleke kwa Baraza. Wasiyasahihishe kabla ya kuyapeleka. Kazi ya kuchambua itafuata baadaye, na itakuwa nyepesi iwapo akiba itakuwa kubwa.